Usikie Kwangu Kwanza Habari ya Pikapu

Omondi mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako kule uwanjani, nami nimefunga mlango wa mbele ili majirani wadhani sipo. Nguo zako nimezipanga. Mambo ya kula vizuri na kunipigia simu sitayaandika. Wewe ni mtu mzima, na yaliyobaki nitakwambia asubuhi. Ninaloandika hapa ni lile ambalo mdomo wangu umekataa kulisema mbele yako miaka yote hii. Nimejaribu. Jumapili ulipokuwa unanisaidia kumenya viazi nilianza, ukainua macho ukanitazama, nikakuuliza kama chumvi bado iko.

Kesho unaenda Homa Bay kwa baba mkubwa Zakayo. Amekuita uendeshe lori lake la samaki na umwangalizie yadi, kwa sababu ugonjwa wa sukari umemla mguu na watoto wake mwenyewe hawataki kazi inayonuka. Sikukatazi. Zakayo na baba yako walinyonya ziwa moja. Lakini katika nyumba ile utasikia jinsi baba yako alivyokufa, na watakusimulia kwamba mimi ndiye niliyemuua. Hawatakurukia na maneno hayo siku ya kwanza. Watakwambia polepole, mkiwa mezani, labda kwa sauti ya kunihurumia. Nataka usikie kwangu kwanza. Na sehemu ya wanayosema ni kweli, ndiyo maana imenichukua miaka hii yote.

Unajua nilikutana na baba yako Isebania, alipokuja kuuza omena mpakani. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, kila mmoja hajui lugha ya mwenzake, kwa hivyo tulipendana kwa Kiswahili, na ndicho ulichokinyonya. Kule Sori waliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, tangu siku niliyoshuka na sanduku langu. Wengine walilitamka jina hilo kwa upendo. Dani, bibi yako, alilitamka kwa upendo. Zakayo alilitamka kama mtu anayesoma jina lililoandikwa kwenye gunia la mtu mwingine.

Tulinunua pikapu wewe ukiwa bado unatambaa. Tulichukua samaki ufuoni Sori, tukawapanga kwenye barafu, tukawapeleka Rongo kwa akina mama wanaokaanga na kwa mikahawa ya karibu na chuo. Baba yako aliendesha, mimi nilinunua na kuuza. Alikuwa anaipenda gari ile kupita kiasi. Alipangusa vumbi la dashibodi kwa kitambaa ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ulipotapika humo ndani safari moja, alinyamaza tu mpaka jioni.

Ugonjwa wa pikapu ulianza kidogo sana. Tukiwa tumebeba mzigo, jua kali, injini ilikohoa mara moja, kama mtu aliyepaliwa, kisha ikaendelea. Baba yako alisema ni mafuta machafu. Baadaye kukohoa kukaongezeka; gari ilitetemeka, ikapoteza nguvu, ikarudi. Halafu ikaanza kuzima kabisa. Tulikuwa tunaenda vizuri, mara kimya, usukani unakuwa mzito mikononi mwake, naye anaisukuma pembeni kwa mwendo uliobaki. Tukikaa kando ya barabara muda wa kutosha, akipiga ufunguo inawaka kama vile haikuwahi kuugua.

Fundi wetu pale Sori alikuwa Okelo. Hukumbuki sura yake, ulikuwa darasa la kwanza. Mwembamba, mwenye mzaha, karakana yake ni paa la mabati tu na shimo la kuingilia chini ya gari. Alibadilisha plagi. Gari ikapona siku kadhaa, ikarudia. Akabadilisha koili zinazozipa plagi umeme. Ikapona, ikarudia. Akasafisha njia za mafuta, akaweka pampu nyingine. Kila mara tulifurahi, na kila mara ilirudia ikiwa na mzigo na joto. Sasa najua kwamba hakuna kitu kati ya hivyo kilichoiponya. Ilikuwa inapona kwa sababu imelala kwa Okelo ikapoa.

Siku moja Okelo aliniambia mbele ya baba yako, "Mama Omondi, hii gari inamisi, inakohoa, ikiwa moto, na mimi kila siku naiona ikiwa baridi. Niacheni nayo kutwa nzima. Niizungushe na mzigo hadi izime mikononi mwangu. Hapo nitaishika."

Nikamwambia, "Kutwa nzima? Na samaki waende na miguu?"

Alicheka. Kisha akaonyesha taa ndogo ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi, iliyokuwa inawaka na kuzima. "Basi ipelekeni Migori mjini. Kuna watu wana mashine ya kuuliza kompyuta ya gari inaumwa wapi. Mimi sina. Lakini msiendelee nayo hivi."

Baba yako alikuwa tayari. Aliniangalia. Ni mimi niliyesema tutaenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na samaki wengi, na iliyofuata ikaja na harusi ya binamu yako, na baada ya hapo hatukuongea tena juu ya mashine. Tulikuwa tumezoea, Omondi. Tulijua inazima wapi na wapi, tukajua tuegeshe kwenye kivuli gani. Nilibeba chai kwenye chupa kwa ajili ya kusubiri. Baba yako alifunika ile taa kwa kipande cha utepe mweusi kwa sababu ilikuwa inamkera macho. Tuliitania. Tulisema mzee anataka kupumzika.

Nikiwaza juu ya miaka ile, hicho ndicho kinachonitia hofu kuliko kitu chochote. Hatukuwa watu wajinga, wala hatukuwa wazembe. Tulikuwa na uchovu na kazi, na kitu kibaya kilijirudia mara nyingi bila kutuua, tukakiona kama mmoja wa watu wa nyumbani.

Siku yenyewe, barafu ilichelewa Sori. Tuliondoka jua limeshapanda. Wewe ulibaki na dani, ulikuwa na homa kidogo, ukalia ukitaka kuja. Pikapu ilizima mara moja kabla ya kufika Migori, tukasubiri. Maji ya barafu yalikuwa tayari yanatiririka nyuma, nikawa nashuka kila mara kuinua turubai na kugusa samaki kwa mkono. Nilikuwa na hasira, si kwake, hasira tu. Baba yako alisema, "Robi, tukae kidogo zaidi, bado ina moto." Nikasema tumekaa vya kutosha.

Tulipopita Awendo tulijikuta nyuma ya trekta inayovuta miwa. Unayajua matrekta hayo, yanavyoijaza barabara, miwa inaning'inia kila upande, na mwendo ni wa mtu anayetembea. Tulikaa nyuma yake muda mrefu. Ilifika mahali barabara inapanda, mbele kulikuwa kweupe, lakini si mbali sana.

Nikamwambia, "Mpite huyu."

"Pale juu sioni."

"Kuna nafasi. Mpite, samaki wanaoza."

Akaangalia kioo, akatoka upande wa pili, akakanyaga. Gari ilipanda vizuri. Tulikuwa sambamba na trekta, namwona dereva wake, kijana amevaa kofia ya sufu, akatutazama. Hapo injini ikazima. Haikukohoa safari hii. Ilikata tu. Nilikuwa naangalia dashibodi kwa sababu sikutaka kuangalia mbele, na nikaona ule mshale unaoonyesha mizunguko ya injini ukianguka hadi sifuri kwa ghafla, kama umekatwa uzi, huku gari bado inakwenda. Baba yako alipiga ufunguo. Akapiga tena. Alikanyaga breki ili arudi nyuma ya trekta, lakini breki bila injini inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani vilevile. Lori likatokea juu ya mlima.

Alikata kona hivi kwamba lori likaja upande wake. Nataka ulijue hilo, kwa sababu nimelifikiria mpaka limekuwa na makovu. Angeweza kukata upande wa pili na lori lingenipata mimi. Labda hakuchagua, labda mikono iliamua yenyewe. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Watu walitutoa kwa mapanga ya kukatia miwa, wakiubandua mlango. Mimi nilivunjika mguu huu unaoujua, na mbavu. Baba yako hakufika hospitali.

Walimzika Sori mimi nikiwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa mbele. Hata kabla ya maziko habari zilikuwa zimeanza. Wengine walisema alikuwa amelewa. Baba yako, ambaye hata chang'aa ya matanga ya baba yake mwenyewe hakuionja. Wengine wakasema alisinzia. Mimi nilisema injini ilizima. Nikasema mara nyingi. Zakayo alinisikiliza, na alipolichukua neno hilo alilipeleka mahali pengine. "Kama injini ilizima," alisema mbele ya watu wote waliokuja matangani, "basi kuna mtu aliyekula pesa za ndugu yangu akisema ameitengeneza."

Walikwenda kwa Okelo mchana, vijana wengi, Zakayo mbele yao. Kutoka kwenye kiti changu niliona moshi. Walichoma karakana, wakamburuta kutoka shimoni, wakampiga kwa vyuma vyake mwenyewe. Jicho lake la kushoto liliharibika siku hiyo. Zakayo aliporudi, shati limelowa jasho, alipita mbele yangu na kuniambia, "Shemeji, tumemlilia vizuri."

Nilinyamaza, Omondi. Nilijua kwamba Okelo aliomba gari tukamnyima. Nilijua alisema msiendelee nayo. Kulikuwa na watu watatu waliojua hilo. Mmoja alikuwa kaburini, mwingine amelala kwenye damu yake, na wa tatu alikuwa mimi, kwenye kiti cha plastiki, nikihesabiwa kama mjane mwema. Ilikuwa mara ya kwanza ukoo ule kunitazama kama mtu wao. Walinipa uji. Wanawake waliniegemezea vichwa. Nikawaza, nikisema sasa, hasira hii itageuka ije kwangu, na mtoto yuko hapa.

Mke wa Okelo alikuja siku za baadaye. Hakuingia ndani ya boma, alisimama nje ya ua. Aliniambia kwa Kiswahili ili nielewe vizuri, "Nyar Kuria, wanataka kumfunga mume wangu. Chifu ameitisha kikao Jumamosi. Wewe ulikuwa pale alipowaambia. Sema tu ulichosikia." Nikamwambia kichwa changu hakikumbuki vizuri tangu ajali. Akageuka, akaenda. Hakunilaani. Heri angenilaani.

Usiku huo wote sikulala, na asubuhi nilimwambia dani naenda hospitali Migori kuangaliwa mguu. Nikaenda badala yake kwa Salim. Unamjua Salim kama mzee wa duka la spea aliyekuwa anakupa tende wakati wa Ramadhani, lakini wakati huo alikuwa mgeni kwangu, mtu wa pwani tuliyenunua kwake plagi. Nilitaka aniambie jambo moja tu: kama Okelo angeweza kuliona tatizo. Nafikiri moyoni nilitaka aseme ndiyo, angeliona, ni fundi mbaya, ili nikalale.

Salim hakunijibu hivyo. Aliniuliza maswali. Ilizima ikiwa moto au baridi? Ilikufa polepole au ghafla? Ikipoa iliwaka? Nikamwambia na kuhusu ule mshale, jinsi ulivyoanguka gari ikiwa bado inakwenda. Akaweka kikombe chake chini.

"Mama, mafuta yakikosekana injini inakufa ikivutana," alisema. "Hupungukiwa. Lakini mshale ukianguka wakati injini bado inazungushwa na magurudumu, maana yake kompyuta imeacha kuona mzunguko wenyewe. Kuna sensa, kidude cha kuhisi, chini kabisa, karibu na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini. Ndogo, kama kidole gumba. Hilo ndilo jicho la kompyuta. Jicho likifumba, kompyuta haijui iwashe cheche lini. Inaacha."

Pikapu ilikuwa imeburutwa hadi nyuma ya kituo cha polisi, imekunjika kama karatasi. Askari hakujali, alisema tuchukue tutakacho. Salim alilala chini ya mabaki yale akiwa na kanzu yake, akatoka na kile kidude. Kilikuwa kimepakwa mafuta meusi, na waya wake umekauka na kupasuka karibu na shingo. Nilikishika. Sikuamini kwamba kitu chepesi vile kinaweza kubeba uzito wa mtu.

Dukani alikiunganisha na mita ya kupimia umeme. Namba ikasimama vizuri. "Unaona," akasema, "kikiwa baridi ni kizima. Ndivyo alivyokikuta fundi wenu, kama hata alikipima." Kisha akamwaga maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya kikombe, akakifunga kile kidude kwenye mfuko wa nailoni na kukizamisha. Tulisubiri. Namba ikaanza kuruka. Ikaruka tena, ikapotea. Mita haikuona kitu, kama waya umekatika. Akakitoa, akakiweka mbele ya feni. Baada ya muda namba ikarudi ilivyokuwa.

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nilimwomba mara nyingine, naye akarudia bila kuniuliza kwa nini. Ndani yake kulikuwa na mpasuko, alisema, uzi mwembamba kuliko unywele unaoachana ukipata joto na kushikana ukipoa. Koili hazikuwa na kosa. Pampu haikuwa na kosa. Tulikuwa tumetupa vitu vizima na kuacha kibovu, kwa sababu hakuna aliyepima gari ikiwa katika hali ile ile inayougulia.

"Angekipata?" nikamuuliza.

"Kama angeachiwa gari siku nzima na mzigo, angekipata jioni," Salim alisema. "Alikuwa na gari siku nzima?"

Nilimwomba aniazime mita.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa Zakayo, wakati huo akiishi Sori, chifu yuko, wazee wako, dani amekaa mkekani na wewe umelala mapajani mwake. Okelo aliletwa, uso umefungwa kitambaa. Niliomba chupa ya maji ya moto. Walidhani nataka chai. Nikafanya mbele yao kama Salim alivyofanya, maji yakaniunguza vidole, na chifu akainama akatazama namba ikipotea na kurudi. Nikawaeleza. Nikasema Okelo aliomba kukaa na gari tukamkatalia, na alituonya tusiendelee nayo.

Zakayo si mtu mpumbavu, na utaona mwenyewe, ni mtu anayesikia vizuri sana. Aliuliza, "Nani alimkatalia?"

"Mimi."

"Ndugu yangu Ouma alisema nini?"

"Alikuwa tayari kuipeleka Migori."

"Na siku hiyo barabarani. Ouma hakuwa mtu wa kupita gari ovyo, sisi tunamjua. Nani alimwambia apite?"

Ningeweza kusema aliamua mwenyewe. Dereva wa trekta hakusikia, na aliyesikia hayupo. Okelo alikuwa tayari ameshaokoka kwa yale niliyoyasema. Hilo la pili hakuna mtu aliyelihitaji. Lakini nilikuwa nimeona yanayompata mtu mwingine ninaponyamaza, na nilikuwa nimechoka kupewa uji.

"Mimi ndiye niliyemwambia," nikasema.

Dani alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena popote. Zakayo alisimama. Hakunipiga, usikubali mtu akwambie alinipiga. Alisema kwa utulivu, "Basi tulikosea nyumba." Akaingia ndani. Wiki hiyo hiyo tuliondoka Sori, mimi na wewe na lile sanduku, na ndiyo sababu hukukulia kwa baba yako. Umewahi kuniuliza kama nilinyang'anywa shamba. Hakuna aliyeninyang'anya. Hakuna aliyesema niondoke pia. Waliacha tu kunisemesha, na watoto wakaacha kucheza na wewe.

Unaweza kufikiri kwamba Okelo alinishukuru. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi nje, mkewe anamwosha jicho. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema, "Ungesema siku ile moshi ulipoanza." Basi. Alirudi kwao Rusinga na sijui kama aliwahi kushika spana tena. Kweli niliyoisema ilikuwa kweli ileile, lakini ilichelewa, na jicho lilikuwa limeshakwenda.

Salim alinipa kazi dukani kwa sababu, alisema, hajawahi kuona mteja anayetaka kuona kipimo mara tatu. Hapo ndipo ulipokulia, katikati ya mikanda na filta. Kila wiki mtu huja akisema gari inamisi na inazima, fundi amesema ni koili, nipe koili. Nami namuuliza maswali ya Salim. Wengine hunijibu. Wengine hukasirika, huniambia mama, uza tu. Nawauzia, na wakishaondoka siku yangu inakuwa imeharibika.

Sasa unakwenda kuendesha lori la mtu mwingine, na kutakuwa na samaki nyuma, na barafu itakuwa inayeyuka, na simu itakuwa inalia mtu anauliza umefika wapi. Sina ushauri mkubwa. Ikikohoa, simama. Atakayekuwa kando yako akikwambia kuna nafasi, huyo anaweza kuwa mtu anayekupenda kuliko wote duniani, na bado awe amekosea. Mimi nilimpenda.

Kuhusu Zakayo, usiende kunilipizia. Usimnunie mezani. Mguu wake unaoza na nyumba yake imekuwa tupu. Hakuna unachoweza kumfanyia kibaya ambacho hajakipata. Lakini akianza kukusimulia, msikilize mpaka mwisho, kisha umwambie kwamba unajua, mama amekueleza. Akisema baba yako alikufa kwa sababu ya maneno ya mwanamke, usibishane naye. Akisema Okelo alistahili, hapo bishana. Bishana hata akikufukuza, nauli ya kurudi Migori mimi nitaituma.

Nilijiuliza sana kama unakwenda kule kwa sababu ya kazi au kwa sababu unataka kuwa mtoto wa watu wale. Sikuuliza kwa kuwa sikutaka kukufanya uchague. Kama ni hilo la pili, nenda. Ni haki yako, na mimi ndiye niliyekutenga nayo. Sori si mbali na Homa Bay. Nenda ukamsalimie baba yako pale alipolala. Mimi sijarudi tangu tuondoke. Sijui kama kuna msalaba, au kama mbuzi wanalala juu yake.

Na kuna jambo moja ambalo sikulisema kwenye kikao wala kwa Salim, wala kwa mchungaji. Nilisema baba yako hakufika hospitali, na watu wote wamechukulia kwamba alikufa papo hapo. Sivyo. Kabla watu hawajafika na mapanga, tulikuwa wawili mle ndani kwa muda. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko kwenye ufunguo. Hakuwa akiniona vizuri, na hakuonekana kusikia maumivu. Maji ya barafu yalikuwa yanadondoka mahali fulani nyuma yetu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa akitumia tukisubiri kando ya barabara, "Robi, imewaka?"

Nikamwambia, "Imewaka. Twende."

Mama yako,
Robi